Yule pengwini ni nani, na kwanini wimbo wa pombe hautaji pombe

Msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Mwalimu shikamoo. Mimi natengeneza biti na jingo ndogondogo za maduka. Juzi Yutyubu imeniletea tangazo la zamani la bia ya Japani, katuni ya pengwini anaimba baa, wimbo wa kiingereza mtamu mpaka nimeurudia kama mara kumi. Nikafuata mengine ya wiski na sake, yote nyimbo kali lakini pombe yenyewe haitajwi, mengine hata maneno hayana. Huyo pengwini ni nani? Halafu hizi nyimbo walizitunga kwa ajili ya tangazo au walichukua tu wimbo wa mtu? Na kwanini zinaganda kichwani kuliko za kwetu?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na pengwini maana najua ndiye aliyekukosesha usingizi. Huyo ni Matsuda Seiko, na wao jina la ukoo linatangulia, kwa hiyo Seiko ndio jina lake. Mwaka 1983 ana miaka 21, singo zake zinaingia namba moja moja baada ya nyingine, wasichana nchi nzima wanakata nywele kama yeye, yaani sauti yake hakuna asiyeijua. Sasa Suntory, kampuni ya vinywaji ya kule, wanataka kuuza bia ya kopo, wanachora pengwini kasimama kwenye maiki kwenye klabu ya usiku, anaimba kiingereza taratibu kama mama wa jazi aliyeona mengi duniani, na kwenye skrini hawaandiki anayeimba ni nani. Watu wakaanza kuulizana, huyu mwanamke katoka wapi? Jibu lilipojulikana ndio vurugu, maana binti wa nyimbo za kitoto kumbe anaweza kuimba hivi, na baadaye jina lake likawekwa kwenye tangazo.

Wimbo unaitwa Sweet Memories, na ulikuwa umefichwa upande wa pili wa singo yake ya Agosti 1983, ule upande ambao kwa kawaida wanunuzi hawana habari nao. Tangazo likaupindua. Oktoba wakaitoa upya santuri ileile, safari hii nyimbo zote mbili zikiwa za mbele, ikapanda namba moja. Ukiusikiliza mzima utashangaa sehemu kubwa ni Kijapani, kile kiingereza ulichokipenda ni kipande tu ambacho watu wa tangazo walikikata wakakitumia peke yake. Aliyetunga muziki ni Ohmura Masaaki, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupanga vyombo kwenye nyimbo za wengine (alifariki 1997 akiwa na miaka 46 tu, masikini), na maneno ni ya Matsumoto Takashi, mpiga dramu aliyegeuka mtunzi. Pengwini wenyewe walipata jina mpaka 1985 wakatengenezewa filamu yao kamili, mambo ya bia hayo.

Haya, walitunga au walichukua? Njia zote mbili, na hiyo ya Seiko ipo katikati, wimbo wa soko na tangazo vinabebana mgongoni. Kampuni ya santuri inapata kupigwa kwenye tivii kila usiku bila kulipia, kampuni ya bia inapata staa na wimbo ambao watu wanaununua kwa hela zao wenyewe. Wajapani wanaiita taiappu, na miaka ya 1970 na 1980 makampuni ya vipodozi ndio yaliinogesha kweli kweli, kila msimu wimbo mpya. Ila ya kutunga ndiyo ya zamani zaidi. Wimbo wanaouhesabu kuwa wa kwanza wa matangazo Japani ulirushwa redioni Septemba 1951, kabla hata tivii haijaanza, kautunga Miki Toriro kwa ajili ya kampuni ya filamu za kamera, na ndani yake jina la kampuni halimo hata mara moja! Unaimba tu habari za jamaa anayependa kupiga picha. Kwa hiyo hilo unaloliona leo kwenye wiski, la kutokutaja bidhaa, walilianza siku ya kwanza kabisa.

Ila ukiniuliza mimi, mkubwa wao wote ni wimbo wa Suntory Old, ile wiski ya chupa nyeusi ya duara iliyoanza kuuzwa 1950, wenyewe wanaiita Daruma kwa sababu inafanana na ule mdoli wao usioanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakampa kazi Kobayashi Asei, akawaletea mahadhi ambayo hayana maneno, ni dan-dan na shubi-duba tu kwa sauti nzito ya kiume, polepole, kama mtu anatembea kwenda nyumbani na hana haraka ya kufika. Wengi wanauita Usiku Unakuja, lakini jina lake lingine ni Ningen Mina Kyodai, na nilipoelewa maana yake nilicheka peke yangu kwenye treni mpaka mama mmoja akahama kiti. Maana yake binadamu wote ni ndugu. Mtu uliyelelewa na mzee wa TANU, ile ahadi ya kwanza unaijua kuliko namba yako ya simu, Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, halafu unaikuta Osaka ipo kwenye wiski.

Hapa nikwambie ukweli, mimi pombe sijawahi kuionja, nimekulia Tanga kwenye nyumba ya swala tano. Lakini miaka niliyokuwa Osaka nasomea mambo ya sauti, wenzangu wa darasani walikuwa wananiburuza kila Ijumaa kwenye kibaa kimoja cha viti sita, mimi nakunywa chai baridi ya uuron ambayo ndio kinywaji cha kila asiyekunywa kule. Nyuma ya mwenye baa kulikuwa na rafu ya chupa, kila chupa shingoni imevishwa kibati kidogo kina jina, maana kule unanunua chupa nzima, unaiacha palepale, ukirudi wiki ijayo unateremshiwa yako unaendelea. Usiku mmoja kaingia mzee wa suti ya kijivu, kibati cha chupa yake jina limefutika nusu. Hakuagiza kitu. Mwenye baa kateremsha Old yake, katia pande moja la barafu, wiski kidogo, maji mengi, kakoroga mara kadhaa kwa kijiti kirefu bila barafu kugonga glasi. Mzee kabla hajashika glasi kaanza kugonga kaunta kwa kidole kimoja, dan, dan, puani, wala hamuimbii mtu, na wale wawili wa pembeni yake, ambao hata hawakumjua, wakadakia mstari wa pili. Wakaimba kama nusu dakika hivi wakanyamaza, kila mtu akarudi kwenye mambo yake.

Ndio nikaelewa kitu ambacho darasani nilikuwa nakisikia tu. Wimbo ule hauuzi wiski, unauza saa. Ile saa ya kutoka ofisini kabla hujafika nyumbani, ambapo bosi hayupo na mke hajaanza kuuliza. Ni kama kengele ya kutoka shule, ukiisikia miguu inajua yenyewe. Mtunzi akishaikamata ile saa, kampuni haina haja ya kujitaja, kwa sababu kila ikifika jioni wimbo unajiimba wenyewe ndani ya kichwa cha mtu, na chupa inafuata nyuma.

Sitaki udhani wimbo ndio ulifanya kila kitu ukaenda kuwadanganya wateja wako. Mishahara ilikuwa inapanda, wiski iliyokuwa ya mabosi ikawa ya kila mtu, halafu Suntory mwaka 1970 walikuwa na mpango wao wa kuingiza Old kwenye migahawa ya sushi, mahali ambapo watu walizoea sake (pombe yao ya mchele) na bia, wakauita operesheni ya Nihonbashi, mchezo wa maneno, maana Nihonbashi ni mtaa wa Tokyo lakini pia inasikika kama vijiti viwili vya kulia chakula. Ujanja mtupu. Kufikia 1980 Old peke yake iliuza katoni milioni 12.4 kwa mwaka. Na miaka ya 1990, wiski ilipokuwa imeshaanza kuporomoka, walivyotaka kumshika tena yule mzee wa makamo walirudi kwenye mahadhi yaleyale.

Huyo Kobayashi Asei mfuatilie, kwako wewe ni shule. Aliingia chuo kikuu cha Keio kusomea udaktari, akahamia uchumi, akaishia kwenye muziki, wazazi wake walisemaje sijui ila naweza kukisia. Ndiye aliyetunga ule wimbo wa mti wa Hitachi wa 1973, tangazo lenye mti mkubwa wa Hawaii na kwaya inauliza huu mti ni mti gani. Ndiye aliyeigiza baba mwenye hasira mchonga mawe kwenye tamthilia ya 1974 na nchi nzima ikampenda. Ndiye aliyetunga Kita no Yado kara ya Miyako Harumi iliyochukua tuzo kubwa ya santuri ya 1976. Alifariki Mei 2021 ana miaka 88. Mtu mmoja, na hakuwahi kuliona tangazo kuwa kazi ya chini.

Upande wa sake nakupa mmoja tu wa kuulalia, wa Kikumasamune. Hawa ni watengenezaji wa zamani wa Nada kule Kobe, tangu 1659, wanasifika kwa sake kavu isiyo na utamu. Wimbo wao ni Hajimete no Machi de, yaani kwenye mji niliofika mara ya kwanza, kaimba Nishida Sachiko, ana sauti kama mtu aliyelia jana leo amenyamaza. Sasa sikiliza watunzi: maneno Ei Rokusuke, muziki Nakamura Hachidai. Ni walewale waliomtungia Sakamoto Kyu ule wimbo ambao Wamarekani waliubatiza Sukiyaki ukakaa namba moja kwao wiki tatu mwaka 1963, pengine umewahi kusikia mtu anaupiga mluzi bila kujua wa wapi. Fikiria, watu wa hadhi hiyo wanakaa chini kutunga wimbo wa sake, na hawatungi wimbo wa sake, wanatunga wimbo wa mgeni mjini jioni. Aliyewahi kushuka stendi ya mji asiokuwa na ndugu, jua linazama, begi begani, hahitaji mkalimani hapo.

Wa kuchukua sasa. Mwaka 1986 Nikka, wapinzani wa Suntory, walikuwa na wiski yao Super Nikka, na Nikka ndio ile kampuni ya Taketsuru Masataka aliyekwenda Uskochi kusomea wiski akarudi na mke Mskochi, Rita, na Super Nikka yenyewe ilitoka 1962, mwaka mmoja baada ya Rita kufariki. Walivyotaka wimbo hawakutafuta staa wa vijana wala mtunzi wa jingo. Wakamchukua Kathleen Battle, mwimbaji wa opera, Mmarekani mweusi, akaimba Ombra mai fu ya Handel, kipande cha opera ya 1738 ambapo mfalme wa Uajemi anausifu mti kwa kivuli chake. Basi, ndio wimbo wote, mfalme anashukuru kivuli! Kama wewe umekaa chini ya mwembe saa nane mchana unausifu mwembe. Hakuna kilevi hapo hata cha kunusa, na Wajapani ambao hawajawahi kukanyaga opera wakaenda madukani kununua ile santuri. Mimi huo ndio naupenda kuliko yote ya kuchukua, kwa sababu jamaa walikuwa na ujasiri wa kunyamaza wakamwachia mama aimbe.

Wa Ray Charles, yule mwimbaji wa Marekani, nao mzuri ila umezidi kupakwa mafuta kwa masikio yangu. Itoshi no Ellie ni wimbo wa bendi ya Kijapani Southern All Stars wa 1979, umetungwa na Kuwata Keisuke, mtu ambaye ukimsikia unajua kabisa alikua anawasikiliza watu kama Ray Charles. Miaka kumi baadaye, 1989, Suntory wakamleta Ray Charles mwenyewe auimbe kwa kiingereza kwenye tangazo la wiski. Mwanafunzi anaimbiwa wimbo wake na mwalimu. Na kabla ya hapo, miaka ya 1970, walishamtumia Sammy Davis Jr., staa mwingine wa Marekani, kwenye wiski yao Suntory White, huyo alikuwa anachezea glasi na kutoa midundo ya mdomo tu, kwa wewe mtu wa biti usimkose.

Na Whisky ga Osuki Desho, unapenda wiski eeh? Huo ndio umetaja pombe mpaka kwenye jina, nikawa najiuliza umepitaje kwenye nadharia yangu. Lakini usikilize vizuri, sio muuzaji anayesema, ni mwanamke anamwambia aliye naye waongee kidogo zaidi. Kwa hiyo tumerudi palepale kwenye ile saa. Wimbo uliingia kwenye tangazo la wiski ya Suntory Crest mwaka 1990, kaimba Ishikawa Sayuri, malkia wa enka, na enka kwao ni ule muziki wa kimono na machozi na meli inaondoka. Ila hapa kabana sauti kabisa, anaimba jazi ya chumbani, na jina wakaliandika kwa herufi za kizungu, SAYURI, ili ukisoma usimfikirie yule wa kimono. Unaona ujanja uleule wa pengwini?

Crest wengi walishaisahau. Unywaji wa wiski Japani ulifika kilele 1983 halafu ukashuka karibu robo karne, vijana wanaiona ni kinywaji cha baba. Ndipo kwenye 2008 Suntory wakaja na kampeni ya haiboru, wiski na maji ya gesi kwenye jagi la bia, kwa kutumia Kakubin yao ya bei ya chini, wakamweka mwigizaji Koyuki (yule wa The Last Samurai) nyuma ya kaunta, na wakaufufua ule wimbo. Mwenye baa anabadilika, baada ya Koyuki akaja Kanno Miho, kisha Igawa Haruka, na waimbaji wanabadilika pia, Takeuchi Mariya kauimba, Gospellers wameuimba, ila wimbo ni uleule. Wiski ikaamka kiasi kwamba 2018 walisimamisha kuuza baadhi ya chupa za umri mkubwa kama Hakushu 12 na Hibiki 17 kwa kukosa akiba, maana wiski ya miaka 17 huwezi kuitengeneza leo kwa sababu wateja wameongezeka jana.

Sasa kwanini zinaganda. Kwanza urefu, matangazo mengi ya kule ni sekunde 15, kwa hiyo mtunzi anatafuta kipande kimoja kinachosimama chenyewe, hana nafasi ya kujikuna. Pili muda, vinywaji vikali na bia kule wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe kutotangaza kwenye tivii kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo wimbo wa pombe ni wa usiku tu, kila ukiusikia umeshachoka na umekaa. Tatu, na hili ndilo linaniuma, wanaacha nafasi. Mwaka juzi mteja mmoja wa Dar, simtaji, aliniagiza tangazo la sekunde 30 akataka jina la bidhaa yake mara tisa, namba ya simu mara mbili, na ofa ya wiki. Nilimpa. Nimehesabu, kwenye sekunde 30 zile hakukuwa na sehemu hata moja ambayo binadamu angeweza kuvuta pumzi, na wiki iliyofuata mtoto wangu hakukumbuka hata neno moja, wakati huyohuyo mtoto Old anaiimba. Sio kwamba sisi hatujui kutunga, watu waliotunga taarab na dansi tunao, ni kwamba anayelipa anaogopa ukimya.

Na ukimya nao ni wimbo ukitaka. Mwaka 1970 Sapporo waliwekea bia yao Mifune Toshiro, mwigizaji wa filamu za samurai, na kauli ni kwamba mwanaume anakunywa kimya, Sapporo. Ikashika kama wimbo. Ila mlio mmoja hutausikia tena kwenye matangazo mapya: tangu Julai 2016 makampuni yalikubaliana kuacha ile sauti ya koo likimeza, gudu-gudu-gudu, na kulivuta koo karibu kwenye kamera, na walioonekana wakinywa wawe wametimiza miaka 25, wakati sheria inaruhusu kunywa ukiwa na 20. Sababu ni watu wenye ulevi sugu, kwao ule mlio ulikuwa unawaita. Kwa mtu wa sauti hiyo ni habari nzito, mlio mdogo kiasi kile. Kwa hiyo tangazo la 2010 na la 2020 la bia ileile ukiyaweka sambamba utasikia povu, utasikia barafu, utasikia pumzi ya mwisho, koo halipo.

Ukianza kusikiliza anza na Seiko kwa sababu ushampenda, halafu Kathleen Battle kwa hedfoni sio kwa spika ya simu, halafu Sayuri wa 1990 kabla ya hao waliorudia. Old uiache mpaka umetoka kazini. Na kuna mmoja nimekuficha, wa sake ya Kizakura ya Kyoto, katuni za kappa, vile vidude vya mtoni vyenye sahani kichwani, kaimba Kusunoki Toshie, mwepesi wa kuruka-ruka. Huo ukiupiga hakikisha watoto wamelala, wangu walinishinda wiki nzima mpaka shuleni mwalimu akauliza kappa ndio nini.